Mtandao Uliofungwa kwa Makufuli Mawili

Kwa mujibu wa Waraka Na. 7 wa Kamati ya Jengo la Bweyamo, Wandegeya, Kampala, uliotolewa Januari mwaka 2013 na kugongwa muhuri mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino ulikuwa hafifu, mtandao wa kompyuta wa jengo hilo ni salama. Waraka haukusema kwamba mtandao unatarajiwa kuwa salama, wala kwamba jitihada zinaendelea. Ulisema ni salama, na neno hilo likapigiwa mstari. Ulieleza kwamba vifaa vyote vimewekwa ndani ya sanduku la chuma lenye makufuli mawili. Kwamba mambo ya mpangaji mmoja hayawezi kamwe kumfikia mpangaji mwingine. Kwamba "vitu vigeni" vilivyokutwa vimefungwa kwenye nyaya vimeondolewa na kuchomwa moto. Na kwamba kuanzia siku hiyo fundi wa nje haruhusiwi kugusa chochote.

Fundi wa nje alikuwa mmoja tu. Jina lake Anselme, na waraka ulikuwa na adabu ya kutomtaja.

Anselme alizaliwa Bukavu. Alisoma umeme na redio kwa mapadri, akatunza kompyuta za zahanati moja ya misheni kwa miaka minne, mpaka vita vilipomfundisha kwamba mtu anaweza kukimbia lakini diploma yake ikabaki ukutani. Mwaka 2008 alivuka mpaka wa Bunagana na mke wake Hortense, sufuria moja, na koleo la kubania vichwa vya nyaya za mtandao. Kampala ilimpokea kama inavyowapokea Wakongo wote: ilimpa kadi ya mkimbizi na ikamuuliza anaimba kwaya gani. Walipanga chumba Namuwongo, upande ambao reli iko juu na maji ya mvua yako chini pamoja na watu. Hortense akasuka watu nywele. Anselme akabeba vitenge begani na kuvitembeza mji mzima kwa miaka miwili, huku koleo likiwa mfukoni kama rozari.

Vitenge ndivyo vilivyomfikisha Bweyamo. Ghorofa ya kwanza ya jengo hilo palikuwa na duka la kuchapa na kujalidi tasnifu, na mwenye duka alikuwa Nakhisa, Mkenya wa Bungoma, mama aliyeamini, kwa ushahidi wa miaka kumi kando ya chuo kikuu, kwamba elimu ya juu ni suala la gundi. Siku Anselme alipoingia kumwonyesha kitenge cha kasuku, kompyuta nane za duka zilikuwa zimegoma na wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamesimama na flashi mikononi, kila mmoja akisema yake ndiyo ya haraka. Anselme aliweka mzigo chini, akapiga magoti, akafuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya kabati, akakuta panya ameshakula ile sehemu muhimu. Akatoa koleo. Nakhisa hakununua kitenge, ila tangu siku hiyo alikuwa na fundi.

Sheria ya Anselme ilikuwa moja: usimtuhumu shetani kabla hujaangalia waya. Kwa sheria hiyo alizunguka duka baada ya duka, na katika miaka mitatu jengo zima likawa mikononi mwake bila mtu yeyote kuamua iwe hivyo. Kila duka alilijengea ukuta wake ndani ya mtandao, ili duka la dawa lisione ya saluni na saluni isione ya Nakhisa. Maneno ya siri yaliyokuja na vifaa kutoka kiwandani aliyabadilisha yote. Vifaa vyenyewe, yaani ruta inayoleta intaneti, swichi inayoigawa kwenye nyaya na antena inayoirusha hewani, aliviweka kwenye rafu ya mbao ghorofa ya tatu, kando ya dirisha la ngazi, penye upepo. Na kwa kuwa nyaya zote zilikuwa za buluu na zote zilipita njia moja, kila waya aliufunga kipande cha kitenge: kasuku ni Nakhisa, samaki ni duka la dawa, maua ni ofisi ya kamati. Hata asiyejua kusoma angeweza kufuata waya wake kutoka rafuni mpaka dukani. Hata wajumbe wa kamati wangeweza.

Miaka hiyo mitatu yote hakikutokea kitu, na hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu kitu kisichoharibika hakina kikao. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Ssebuggwawo, alikuwa mtu aliyejenga nyumba tatu na kuzitia nondo zote mpaka dirisha la choo, na aliposikia redioni kwamba mitandao ya biashara inashambuliwa, alipanda ngazi kwenda kuutazama wa kwake. Akakuta rafu ya mbao, taa ndogo za kijani zinazopepesa, na vitambaa. Aliuliza usalama uko wapi. Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Usalama wa Anselme ulikuwa na kasoro hiyo moja: haukuonekana.

Kikatafutwa kinachoonekana. Alikuja Injinia Kabuubi, mwenye tai, kompyuta ya mkononi yenye vibandiko vingi, na cheti cha mafunzo ya siku tatu yaliyofanyika hotelini, chakula kikiwemo. Injinia alichukua vipimo vya rafu na kuvipeleka Katwe kwa wachomeleaji, wakamtengenezea sanduku la bamba nene, la kijani, lisilo na tundu isipokuwa la kupitishia nyaya. Na tundu hilo nalo, nyaya zilipokwisha kupita, lilizibwa kwa simenti. Ruta, swichi na antena vikaingizwa humo. Mtu yeyote aliyewahi kupokea simu ndani ya kontena anajua chuma hufanya nini kwa mawimbi, lakini Injinia alikuwa na cheti. Kabla ya kufunga alibonyeza kitufe cha nyuma cha kila kifaa ili vianze upya "vikiwa safi", na kuta zote za Anselme zikafutika, na maneno ya siri yakarudi kuwa yale ya kiwandani, ambayo yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kila kifaa cha aina hiyo duniani. Vipande vya vitenge vikakatwa. Sanduku likafungwa makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, mmoja kwa Injinia. Waraka Na. 7 ukabandikwa langoni.

Matokeo hayakuchelewa. Intaneti ya hewani ilitoweka, na wapangaji, ambao hakuna aliyewakataza kununua, wakaenda mjini kila mmoja akarudi na ruta yake ndogo ya bei ya chini, akaichomeka kwenye tundu la ukutani. Kompyuta ikiingia mtandaoni huomba namba ya makazi, na kazi ya ruta ni kuigawa. Sasa ruta saba zilikuwa zikigawa namba katika jengo moja, na mambo yakawa kama ya kibanja cha Kampala: kiwanja kimoja, wauzaji saba, na kila mnunuzi ana karatasi halali. Hilo lilikuwa tatizo la kutwa. La pili lilikuwa na ratiba. Kila siku, kuanzia saa sita mchana, mtandao wote ulikufa. Saa kumi ukafufuka.

Injinia Kabuubi aliitwa. Hakufungua sanduku, kwani sanduku lilikuwa salama. Alikaa ofisini saa moja, akatoa ripoti ya kurasa mbili: jengo linashambuliwa na wadukuzi, na wadukuzi hao wana mtu wao ndani. Kamati ikatazamana. Nani huonekana jengoni kila siku saa sita na nusu mchana, akipanda na kushuka na mkoba wa nyaya? Alionekana Anselme, kwa sababu mtandao ulikufa saa sita na Nakhisa alimpigia simu saa sita na dakika tano. Nani aliyefunga vitambaa vya Kikongo kwenye nyaya, kila kimoja na picha yake? Mjumbe mmoja alikumbuka kwamba Wakongo wana dawa za kila aina. Mwingine alisema haamini mambo hayo, ila siku ya kuvichoma vitambaa vyenyewe alivishika kwa mfuko wa plastiki.

Kikao cha hukumu kilipangwa Alhamisi. Hatari ilikuwa kubwa kuliko kikao. Akipatikana na hatia, Anselme angepigwa marufuku kukanyaga Bweyamo, ambako ndiko walikokuwa wateja wake wote, na jina lake lingepelekwa polisi, ambako kadi ya mkimbizi husomwa kwa kasi na mwenye kadi husikilizwa polepole. Hortense, alipoambiwa, aliuliza kama begi la vitenge bado liko uvunguni. Lilikuwepo.

Jumatano asubuhi Nakhisa alikuwa akichapa tasnifu ya mwanafunzi mmoja kuhusu mnyauko wa migomba. Kati ya ukurasa wa arobaini na wa arobaini na moja ikatoka karatasi isiyohusu migomba. Aliisoma amesimama, akafunga mlango nusu, akamwita Anselme.

"Kaa kwanza," alimwambia. "Halafu soma."

Ilikuwa barua ya siri ya kamati kwa mkuu wa kituo cha polisi. Ilimtaja Anselme kwa jina, uraia na urefu, na kuomba akamatwe "kwa kuwa kikao kimemkuta na hatia". Tarehe yake ilikuwa ya Ijumaa, siku moja baada ya kikao. Kikao chenyewe kilikuwa bado.

"Mama Nakhisa, hii imetoka wapi?"

"Kwa printa yangu. Imeandikwa na Rukiah, sekretari wa kamati huko juu. Jina lake liko hapo chini."

"Imepita wapi?"

"Wewe Anselme, unasoma shtaka lako kabla ya polisi kulisoma, na unauliza njia?"

"Njia ndiyo iko na maneno," alisema Anselme. "Mtu anaweza kudanganya. Barabara haina mudomo."

Akaenda kwenye printa, akabonyeza vitufe viwili, akasoma namba yake. Ilikuwa namba ya printa ya ofisi ya kamati. Ruta moja kati ya zile saba ilikuwa imeigawa tena, na kwa kuwa kuta za ndani ziliondolewa na printa zote mbili zilikuwa za aina moja, kompyuta ya Rukiah haikuona tofauti: ilituma barua kwenye namba iliyozoea, na namba ilikuwa imehamia ghorofa ya kwanza.

Nakhisa alimshauri apotee wiki mbili. Alikuwa na binamu yake, Ondiek, anayefanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Port Bell. Angempa pa kulala Luzira. Anselme alishukuru, akasema Luzira inajulikana kwa jengo moja kubwa la kuwalaza watuhumiwa, na haoni sababu ya kulisogelea kwa nauli yake mwenyewe. Badala yake aliomba daftari. Tangu matatizo yalipoanza alikuwa amemwagiza Nakhisa aandike kila siku saa ambayo mtandao unakufa na saa ambayo unarudi, na Nakhisa, ambaye aliwadai wanafunzi nidhamu hiyohiyo bila mafanikio, alikuwa ameandika. Wiki tano. Walisoma pamoja kwa dakika ishirini. Kisha Anselme akaikunja ile barua mara nne na kuiweka mfuko wa shati.

Kikao kilianza Alhamisi saa tano na nusu. Anselme alipewa dakika tano, kwa Kiswahili, ili asije akawadanganya kwa Kifaransa. Mwenyekiti alikijua Kiswahili kama wengi wa rika lake mjini walivyokijua: alifundishwa na askari wa kizuizi cha barabarani, amelala kifudifudi, na tangu hapo alikitumia kwa amri tu.

"Wewe Mukongo, kaa. Sema halaka. Nyaya zetu ulifunga dawa ya nini?"

"Si dawa, mzee. Ni kitenge."

"Waya inavaa kitenge, inaenda halusi?"

Wajumbe walicheka, na Anselme akawangoja wamalize. Alisema kila waya ulikuwa na picha yake ili fundi asivute wa mwenzake, na kwamba hata baba Injinia, tangu avikate, hajui upi ni upi. Injinia Kabuubi alisema hiyo si hoja ya kitaalamu. Akaeleza kwa utulivu kwamba wadukuzi hushambulia saa sita mchana kwa sababu huko kwao ndipo wanapoingia kazini.

"Na saa kumi?" Anselme aliuliza.

"Wanapumzika."

"Jumanne ya juzi, mvua ilinyesha kutwa. Hawakuja. Na ile Ijumaa ya mawingu, hawakuja. Daftari ya Mama Nakhisa iko hapa." Alilisukuma mezani. "Injinia, hawa batu wako wanaogopa kulowa?"

Nakhisa, aliyekaribishwa kama shahidi na kukalishwa karibu na mlango kama mshitakiwa, aliongeza kwamba yeye ameuza kalamu na karatasi kwa watu wa kila namna, na hajapata kuona mwizi anayekaa nyumbani kwa sababu ya manyunyu. Mwenyekiti alimwambia anyamaze. Lakini daftari alilifungua, akapitisha kidole kwenye mistari, na kidole kikasimama kwenye Jumanne.

Saa sita na dakika kumi taa ya intaneti ya ofisi ilizimika, mbele ya wajumbe wote na mbele ya Anselme, ambaye mikono yake ilikuwa mezani. Aliomba kitu kimoja tu: wapande ghorofa ya tatu.

Juu pale bati la paa lilikuwa linalia kwa joto la jua. Sanduku la kijani lilikaa chini ya dirisha, limefungwa vizuri, na Olweny, askari wa jengo, alikuwa amewekwa kulilinda. Alikuwa amesogeza kiti chake hatua nne, akasema ni kwa sababu ya joto la sanduku. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla.

"Mzee," alisema Anselme, "weka mkono."

Mzee Ssebuggwawo aliweka kiganja juu ya bamba na kukiondoa haraka kuliko alivyokiweka. Alikitazama. Kisha akamtazama Injinia.

"Yule mutu wako wa ndani," Anselme alimwambia Injinia kwa upole, "ako na homa."

Makufuli yalifunguliwa, la pili kwa shida kwani Injinia alikuwa amesahau ufunguo wake ni upi. Ilitoka hewa kama ya tanuri la mkate. Ganda la plastiki la swichi lilikuwa limejikunja pembeni. Olweny alianza kupepea kwa jalada la kitabu cha wageni, bila kuamriwa, na baada ya kama robo saa taa moja ikawaka, kisha ya pili, kisha zote. Chini ghorofa ya kwanza printa ya Nakhisa ikasikika ikiendelea na migomba.

Jambo hilo peke yake lisingemwokoa. Kamati ilikuwa na uwezo wa kuona joto na bado kumkamata mtu. Mjumbe mmoja alikwishaanza kusema kwamba hata homa inaweza kutumwa. Ndipo Anselme alipoitoa ile barua, akaikunjua, akampa Rukiah kwa mikono miwili.

"Dada, barua yenu hii. Ilipotea njia, ikatokea kwetu jana."

Mwenyekiti aliichukua kwa Rukiah, akaisoma mpaka mwisho, akaisoma tena tarehe. Alimuuliza sekretari wake, kwa Kiganda na kwa sauti ya chini, kama mwezi huo kuna barua nyingine alizochapa na zisitoke. Rukiah alisema zipo nne. Alidhani printa ni nzito, akazichapa tena. Mwenyekiti akauliza kama mojawapo ni ile ya wakili wake kuhusu nyumba ndogo ya Kyebando. Rukiah alisema hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kupotea.

Wajumbe, ambao wote walikuwa wapangaji na wote walikuwa na printa, walianza kutazamana upya, safari hii bila kumtazama Mkongo.

"Balua ya porisi ichanwe," alisema mwenyekiti. "Kikao kimekwisha. Wewe, Anseremu, baki hapa."

Muhtasari wa kikao ulichapwa wiki iliyofuata, kwa Nakhisa, kwa kuwa sasa printa ya ofisi haikuaminiwa. Unasema kwamba mashambulizi ya wadukuzi yamedhibitiwa kutokana na hatua madhubuti zilizochukuliwa na kamati, na unampongeza Injinia Kabuubi kwa weledi. Injinia aliupiga picha. Inasemekana uko kwenye wasifu wake. Kuhusu Anselme hauna neno. Hakupatikana na hatia wala hakusafishwa. Kamati iliona kwamba kumsafisha mtu ni kukiri kwamba alichafuliwa.

Yeye alifanya kazi siku tatu. Alizichomoa zile ruta ndogo moja moja, na kila mpangaji aliapa kwamba yake haina kosa. Alijenga upya kuta, akabadilisha maneno ya siri, akatoboa simenti ya sanduku ili hewa ipite. Antena aliirudisha nje kwenye mbao. Hortense alikata vipande vipya vya vitenge, na Mzee Ssebuggwawo, alipoulizwa ofisi yake inataka picha gani, alifikiri muda mrefu kuliko alivyofikiri kuhusu sanduku, akachagua ndizi.

Waraka Na. 7 haukufutwa, kwani kufuta kungehitaji Waraka Na. 8. Bado uko langoni, na fundi wa nje bado haruhusiwi. Olweny anausimamia kwa makini, na kila Jumatatu asubuhi Anselme akifika huandikwa kwenye kitabu cha wageni kama mteja wa kujalidi. Injinia aliurudisha ufunguo wake wa sanduku kwa mwenyekiti alipopata kazi jengo jingine. Mwenyekiti siku hizi ana matatizo ya magoti na hapandi ngazi. Funguo zote mbili anazo Anselme.